Nilimpeleka mama likizo ziwani mara nne kwa mwaka, na neno moja nusura limzike

Wakuu, salaam.

Kabla mtu hajaniandikia "weka picha ndio tuamini", niseme mapema: hii balaa yote ilianza na picha. Leo hakuna picha. Mtaniamini kwa neno langu, na neno langu ndiyo ile shida nyingine, mtaona.

Mimi ni dada. Wale wa kuniita mkuu mko huru, nimezoea. Nauza mbegu na dawa ya mahindi hapa Kitale, hasira yangu iko karibu, na nikikata shauri nimekata. Sijaongeza chumvi kwa hii story. Pale nimepunguza ni kwa heshima ya mama.

Mama anaitwa Nafula kwa sababu alizaliwa wakati wa mvua. Kwetu Bungoma jina linakuambia msimu. Mimi ni Nekesa, wa mavuno. Ndugu yangu mkubwa ni Simiyu, wa kiangazi, anafanya kazi ofisi ya serikali Bungoma mjini na ndiye admin wa group ya familia. Baba alituacha miaka kumi imepita. Mama anakaa kwenye boma la baba, upande wa Lugulu.

Sasa mama yangu ana kazi moja ambayo hakuna mtu alimwandika.

Anapika matanga.

Akifa mtu kwa ukoo, kwa kanisa, kwa majirani, hata kwa jirani ya jirani, anaitwa yeye. Yeye ndiye anajua maharagwe ya watu mia tatu yanaingia sufuria gani na kuni ngapi zitaivisha. Sufuria kubwa za ukoo zote zinakaa nyumbani kwake. Mwiko wake ni mrefu kama mpini wa jembe na hakuna mtu mwingine anaruhusiwa kuushika. Kuna wiki anapika matanga mbili. Akitoka kwa moshi anaingia kwa ng'ombe, akitoka kwa ng'ombe anaingia shamba.

Mwaka juzi, Novemba, akaanguka kando ya moto. Na ilikuwa matanga ya mtu hata hatukuwa tunamjua vizuri.

Pressure. Siku ya kutoka hospitali daktari aliongea na mimi waziwazi, mama akisikia. Akasema dawa atameza, lakini dawa peke yake haitoshi, huyu mama lazima apumzike. Na si wiki moja. Kila baada ya miezi mitatu au minne atoke pale nyumbani, aende mahali hakuna mtu anamwita, afanye hivyo mwaka mzima. La sivyo akianguka tena hataamka.

Tulipofika nje mama akaniuliza polepole, "Nekesa, kwani imefika hapo? Daktari amesema nipumzike?"

Nikacheka. Nikamwambia ndiyo, amesema upumzike, na utapumzika.

Akavuta pembe ya leso akajifuta macho. Sikuelewa. Wekeni alama hapo, tutarudi.

Basi nikakata shauri.

Mahali nilikuwa napajua. Kuna siku nilipeleka mbegu ya viazi huko juu, kupita Kapsokwony, pale barabara inapanda mpaka mtu wa boda anakuambia ushuke usukume. Ukimaliza mashamba ya vitunguu unaingia msitu, na ndani ya msitu kuna ziwa. Kusema ukweli ni bwawa la zamani, lakini wenyewe wanaliita ziwa na mimi sibishani na mtu kwao. Miti mikubwa pande zote, mbega wanaruka huko juu na mikia yao nyeupe, ukungu unakuja saa kumi jioni kama umeajiriwa. Ni baridi ya kuvaa sweta mbili.

Mama mmoja anaitwa Chemutai ana vyumba vitatu vya mbao hapo kando ya maji. Anapika mwenyewe, anafua shuka mwenyewe. Network hakuna, isipokuwa usimame juu ya jiwe moja huko nyuma ya choo.

Nilipomaliza kuona lile jiwe nikasema hapa ndipo.

Nyumbani sasa ikawa vita. Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba, ndiye mwenyekiti wa mambo yote ya ukoo, haswa matanga. Alikuja kuniuliza ni nini hii anasikia.

Nikamwambia mama anaenda likizo.

"Likizo? Si likizo ni ya watoto wa shule?"

Nikamweleza daktari amesema nini. Akatikisa kichwa. Akaniuliza huko tuna ndugu? Hatuna. Kuna harusi? Hakuna. Kuna mtu amekufa? Hakuna.

"Sasa mtu mzima anaenda kulala msituni, hakuna ndugu, hakuna harusi, hakuna kifo. Kama si mganga ni nini?"

Hapo nikakasirika. Nikaapa sitaambia mtu yeyote jina la hiyo mahali, hata Simiyu. Kwa sababu nawajua. Wakijua tu mahali, siku ya pili mtu atakufa na pikipiki itatumwa kumchukua mpishi.

Niliona nimekuwa mjanja. Siri yangu ndiyo ilikuja kuniponza.

Safari ya kwanza ilikuwa Januari, jua kali, vumbi mpaka kwa meno.

Mama alitoka nyumbani na kuku mmoja wa kienyeji, amefungwa miguu, na unga kwa mfuko. Nikamwambia mama, hapa mahali watu wanalipa, huendi kutembelea mtu. Akaniangalia tu. "Mkono mtupu haulambwi," akasema, na kuku akapanda boda na sisi.

Siku ya kwanza alfajiri nikasikia fyu, fyu, fyu. Natoka nje, mama anafagia kiwanja cha Chemutai. Ameshaosha vyombo. Ameshachota maji. Alikuwa anaulizia jembe.

Nikamwambia mama, wewe ni mgeni hapa.

Akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi naanza mapema nimalize."

Siku ya pili akaingia jikoni. Chemutai akanivuta kando. Yeye ni mtu mpole lakini alikuwa amefura. "Dada, niambie ukweli. Umeniletea mgeni ama umeniletea mwenye anataka kunifukuza kwa jiko langu?"

Niliona aibu mbaya. Tulikaa siku nne na mama alirudi nyumbani amechoka kuliko venye alienda. Nilipima pressure yake Kitale kwa duka la dawa, mama wa duka akarudia kupima, akaniangalia. Nikajua nimeshindwa hiyo round.

Lakini kuna kitu kilifanyika siku ya mwisho. Chemutai alimpelekea mama kiti na kibuyu cha maziwa lala, akamkalisha mbele ya maji.

Akamwambia, "Mama, ukitaka kazi nitakupa. Mimi niko na shamba, siwezi kuwa huku na huko. Wewe kaa hapa uniangalilie maji."

Mama akauliza, "Niangalie nini haswa?"

"Kama iko."

Wakuu, mama yangu alikaa pale saa mbili nzima. Hajawahi kukaa saa mbili tangu nimjue. Chemutai aliporudi, mama akasimama kama askari akasema, "Maji bado iko." Na Chemutai hakucheka hata kidogo. Akamwambia asante, kesho ungeendelea, pole unaenda.

Nikasema sawa. Kumbe ni kazi alikuwa anataka. Tutaileta kazi.

Safari ya pili ilikuwa Aprili. Na hapa ndipo balaa ilianza.

Wale wa Kitale mnajua Aprili ni nini kwa mtu wa mbegu. Watu wote wanapanda. Mimi nilifunga duka. Majirani waliniona mwendawazimu na sikuwajibu. Nilihesabu tangu Januari, miezi mitatu imefika, na mama alikuwa ameshapika matanga sita kati hapo licha ya kelele zangu. Miguu ilikuwa imefura. Usiku alikuwa analala ameketi.

Nikaweka sheria. Simu ya mama ibaki nyumbani kwa kabati. Yangu nitaiwasha mara moja tu, kusema tumefika salama, halafu naizima.

Tukapanda huko na mvua. Mvua ya Elgon, si hizi za mjini. Boda iliteleza, tukatembea sehemu, mama akiniegemea. Wakati huu hakubeba kuku. Alibeba mfuko wa maharagwe, tukakubaliana ni zawadi na hatayapika yeye.

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi hivi, nilitoka chumbani nikamkuta kwa varanda. Alikuwa kazini, kuangalia maji. Ameketi kwa kiti, blanketi mpaka kwa shingo, mvua inanyesha polepole kwa mabati.

Alikuwa amelala.

Mchana. Mama yangu amelala mchana, mdomo umefunguka kidogo, uso umelegea, makunyanzi yote yameenda. Sijawahi kuona huo uso. Nilisimama pale nikalia, na mimi si mtu wa kulia. Nikasema tumeshinda. Wote walionicheka wajue tumeshinda.

Nikampiga picha. Nikakimbia kwa jiwe na mwavuli, nikawasha simu, nikaandika kwa group ya familia. Nawawekea neno kwa neno:

"Wapendwa, mama amepumzika. Alikuwa amechoka sana lakini sasa ana amani. Asanteni kwa maombi yenu na kwa wote mliomtembelea hospitali. Mungu awabariki."

Na picha. Macho yamefungwa, blanketi mpaka kwa shingo.

Nikatuma. Nikazima simu.

Someni tena polepole. Mimi nilisoma mara mbili kabla ya kutuma na nikaona imekaa vizuri.

Wale wa kwetu nadhani sasa mmeshika vichwa. Kwetu mtu hai hapumziki, bana. Mtu hai analala, anakaa, anashinda mahali. Mwenye anapumzika ni yule tumeshaimbia na kuweka picha yake kwa karatasi ya ratiba. Ndiyo maana mama alijifuta macho siku ile ya daktari. Alidhani ameambiwa ajitayarishe. Na mimi mtoto wake nilicheka.

Mambo ya nyumbani nilikuja kuambiwa baadaye, lakini nayaweka hapa ndiyo msichanganyikiwe.

Simiyu alisoma akiwa kwa mkutano. Alitoka bila kuaga mtu, akanipigia mpaka simu yake ikaisha chaji. Mimi nimezima. Ya mama inalia kwa kabati nyumbani. Mama alikuwa amemwambia tu tunapita Kapsokwony na kuna ziwa, basi akapanda huko kuuliza watu kama wanajua mahali kuna ziwa na mama amekufa. Wakamwuliza ziwa gani. Hakujua, kwa sababu dada yake ni mjuaji. Akauliza mochari, hakuna. Akafikiria nimempeleka Kitale karibu na kwangu, akaenda, duka limefungwa katikati ya msimu wa kupanda. Hapo ndiyo aliamini kabisa.

Baba mdogo naye kabla ya jioni alikuwa ameshasimamisha tenti.

Sisi huko juu hatujui kitu. Tunakula viazi.

Siku ya nne tulikuwa turudi, lakini maji ilikata barabara, tukakaa mpaka ya sita. Na mama akabadilika, wakuu. Asubuhi anakunywa maziwa, anachukua kiti, anaenda kazini. Mchana anatoa ripoti. "Leo maji imefika kwa ule mti umelala." "Leo mbega wameshuka kunywa, mmoja ana mtoto." Miguu ilipungua. Akaanza kulala chini vizuri.

Siku ya tano akaniambia kitu sitasahau. Alikuwa anaangalia maji, hakuniangalia mimi.

"Hata ya baba yako nilipika mimi."

Sikumwelewa mara moja.

"Matanga ya baba yako. Walikuja wengi. Hakukuwa na mwenye anajua sufuria. Nikasema nipike kwanza, nitalia baadaye. Walipomaliza kula wakaenda, nikaosha sufuria. Nikalala. Asubuhi kulikuwa na ng'ombe."

Akavuta blanketi kwa mabega.

"Miaka tisa, Nekesa. Hiyo baadaye haikufika."

Na hapo mbele ya ziwa akamlilia mumewe. Nilimshika mkono tu. Chemutai alituona kutoka kwa shamba, akageuka akarudi.

Siku hiyo ndiyo nilielewa napigania nini. Pressure ni kipimo tu. Mama yangu alikuwa ametumika mpaka hakuna mtu anakumbuka ni mtu.

Siku ya sita jua likatoka, tukashuka. Tulipofika Kapsokwony sokoni nikawasha simu.

Meseji zikaingia mpaka simu ikaganda. Pole. Pole sana. Poleni familia. Alikuwa nguzo. Ameenda mama wa wote.

Mama akaona uso wangu. "Nani amekufa?"

Nikasoma. Nikarudi juu nikasoma ile yangu mwenyewe.

Nikamwambia, "Ni wewe."

Nikamsomea yote pale kando ya barabara, pamoja na ile niliandika. Nilikuwa naogopa pressure ipande aniangukie pale. Mama akaweka mzigo chini. Halafu akauliza swali moja.

"Nani anapika?"

Hakuuliza nani amelia, wala nani amekuja. Nani anapika.

Nikapigia Simiyu. Aliposikia sauti yangu akaanza kutukana, na yeye ni mzee wa kanisa. Nikampa mama simu. Mama akasema, "Simiyu, ni mimi. Umekula?" Nilisikia mwanaume mzima upande ule akilia kama mtoto. Alitaka atangazie watu. Mama akakataa. "Wacha. Mkiwaambia watapanguza macho watawanyike na sufuria zangu zitabaki chafu. Tunakuja."

Tulifika Lugulu saa nane mchana. Tenti mbili, viti vya plastiki, kuni zimerundikwa kufika kwa dirisha. Kwaya ilikuwa inaimba. Baba mdogo ameshika maiki.

Wa kwanza kutuona ni mama mmoja wa kwaya. Sauti yake ilikatika tu katikati ya wimbo. Halafu mwingine. Halafu kwaya yote. Wawili walikimbia, mmoja akaacha kiatu mpaka leo hajakuja kukichukua. Simiyu ndiye alitembea akaja akamkumbatia mama mbele ya watu, ndiyo watu wakaanza kupumua.

Baba mdogo bado ana maiki mkononi. Kwetu l na r ni ndugu, na mtu akishtuka zinabadilishana kabisa. Akasema, na spika ikasema naye, "Shemeji. Sisi turikuja kukuririra."

Mama akamwambia asante, nimeona.

Halafu akaenda moja kwa moja kwa moto.

Hapo kwa moto kulikuwa na aibu. Ugali umeungua kwa sufuria moja, ni maji kwa ingine. Maharagwe yamechemka tangu asubuhi na bado yanalia kwa sufuria kama changarawe. Mama akachukua mwiko wake kutoka kwa mkono wa mtu, akakoroga mara moja, akaonja.

"Haya hamkuloweka."

Niliona wale mama wote wakishusha mabega. Mpishi amekuja. Mama mdogo, bibi ya baba mdogo, alikuwa ameshaanza kufungua leso yake kiunoni ampatie mama ajifunge. Mmoja akasukuma kuni. Kila mtu akarudi nyuma nusu hatua, kumpa nafasi yake.

Na mimi nilisimama pale. Nilikuwa nimefunga duka, nimepanda matope, nimeua mama yangu kwa group, na sasa alikuwa ameshika mwiko. Angeinama mara moja tu, ingekuwa basi. Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Nilijua hii si yangu kusema.

Mama aliangalia ule mwiko. Aliuangalia sana.

Halafu akageuka akatembea mpaka kwa baba mdogo, akatoa maiki kwa mkono wake, akaweka mwiko.

Akamwambia, "Mmekuja kunililia. Basi mnipikie."

Mtu mzima, mwenyekiti, alishika ule mwiko kama amepewa mtoto mchanga wa mtu. Hakujua kichwa kiko upande gani.

Mama akaenda chini ya tenti, akachukua kiti cha mbele kabisa, pale panawekwa wafiwa, akakaa. Akaomba chai.

Mama mdogo hakuamini. Akamfuata. "Na wewe sasa unakaa hapo unafanya nini?"

"Niko kazini," mama akasema. "Naangalia maji."

Hakuna mwenye alielewa. Mimi peke yangu. Nikageukia ukuta nikalia mara ya pili mwaka huo, na Simiyu akadhani ni majuto ya ile meseji.

Chakula kiliiva jioni. Kilikuwa kibaya sana. Watu walikula, na nafikiri wengi walihesabu kimoyomoyo ni matanga ngapi wamekula chakula kizuri bila kumuuliza mpishi kama amekula.

Baadaye kukawa na kikao. Baba mdogo akasema mtu akililiwa akiwa hai ni mkosi, lazima kuku achinjwe, na mahali hapo asirudi tena maisha yake. Wazee wakaitikia. Nilikuwa nafungua mdomo, mama akanishika goti.

"Kuku chinjeni, mle," akasema. "Mimi Agosti naenda ziwa."

Na alienda. Agosti kwetu ilikuwa msimu wa kupasha tohara, mjukuu wa baba mdogo alikuwa kati ya vijana, na walitegemea mama atapika. Alihudhuria. Alivaa vizuri, akakaa na wageni, akala akamaliza sahani, akapongeza mpishi. Kesho yake tukapanda Kapsokwony. Ziwa la Agosti ni kijivu, baridi inauma, hutoki kwa moto mpaka saa tano. Alilipenda kuliko la Januari.

Desemba tulienda sote, Simiyu pia. Maji ilikuwa wazi mpaka unaona miti mara mbili. Chemutai alimpa Simiyu kazi, akamwambia amsaidie mama kuangalia upande ule mwingine. Admin wa group, mtu wa serikali, alikaa pale siku mbili na akatoa ripoti.

Pressure yake sasa iko chini. Dawa bado anameza. Mwiko uko kwa mama mdogo, na mama mwenyewe alimfundisha, akiwa amekaa kwa kiti, kuloweka maharagwe.

Na lile neno tulilitoa kwa nyumba. Daktari akisema apumzike, sisi tunasema anaenda ziwa. Imeshika mpaka kijijini. Juzi nilisikia mama wa kwaya akikataa kuitwa kwa kazi fulani, akasema, "Leo siwezi, niko ziwa." Alikuwa amekaa kwa mlango wake.

Nimejifunza nini? Kwamba mtu mwenye anabeba wengine hatawahi kukuambia amechoka, atakuuliza umekula. Usingoje aombe. Mchukue, hata kama ukoo unakuona mjinga, na umrudishe tena kiangazi, mvua, mavuno na baridi, mpaka azoee. Mara moja haitoshi, Januari ilinionyesha. Na ukificha mtu, bana, achia angalau ndugu mmoja jina la mahali.

Sasa niambieni. Kwenu mtu hai akilala mchana mnasema aje, bila kumuua? Na nani kwenu ndiye anapika kila matanga, na mara ya mwisho alikaa lini?

Mtaniuliza mama anasemaje sasa. Desemba, siku ya kwanza, Simiyu aliandika kwa group, "Mama yuko ziwa. Ako sawa."

Baba mdogo akajibu neno moja. "Thibitisha."

Mama akachukua simu pale kwa jiwe, akarekodi voice note mwenyewe, ukungu ukimfunika.

"Niko. Na maji iko."